Mawifi Wawili na Daftari la Mgongo

Saluni ilikuwa na viti vitatu na kioo kimoja. Humo walisuka mawifi wawili. Mmoja aliitwa Mama Pacha. Wa pili, dada wa mumewe, aliitwa Sindano kwa wembamba wake.

Mteja alikaa kwenye kigoda kifupi. Msusi aliinama juu yake kwa saa tatu, hata nne. Kazi ni nzuri, lakini mgongo hauna spea.

"Wifi, umepinda kama ndoana," Sindano alitania.

"Cheka tu. Mifupa ni yangu."

Sindano naye aliumwa mgongo, ila kidogo. Mama Pacha ndiye aliyezidiwa. Alikuwa ameanza kukataa misuko midogo, ile inayokula siku nzima. Ndiyo iliyompa jina mtaani kwa miaka kumi na minane. Aliogopa kwamba punde atakuwa mtu wa kufagia nywele za wenzake.

Wakati huo zahanati ya mtaa ilikuwa inafanya utafiti wa maumivu ya mgongo. Mawifi wakaenda kujiandikisha, kila mmoja siku yake, maana saluni haifungwi. Waliwakuta wahudumu na mtaalamu wa mazoezi ya viungo, dada mmoja mcheshi.

"Miguu inakufa ganzi? Inaishiwa nguvu? Haja ndogo inakusumbua?" alimuuliza Mama Pacha.

"Hapana."

"Vizuri. Likitokea mojawapo, usingoje miadi. Njoo siku hiyo hiyo. Sasa sikiliza. Kundi la kwanza litapata ushauri na mazoezi. Kundi la pili litapata ushauri peke yake, na mazoezi baada ya miezi mitatu. Tunataka kujua kama mazoezi haya yanaongeza nafuu. Kura ndiyo inayochagua kundi. Ukitaka kujitoa, jitoe siku yoyote. Matibabu yako hayaguswi."

Mama Pacha akauliza maswali yake, akaridhika, akasaini. Akapewa daftari. Kila jioni aandike namba: sifuri ni hakuna maumivu, kumi ni maumivu makali kupita yote.

Kura ikampa Sindano mazoezi. Mama Pacha ikampa ushauri.

"Hii kura haina macho," Sindano alisema. "Mgonjwa wewe, mazoezi napewa mimi. Njoo nyuma ya pazia nikufundishe."

"Na kura je?"

"Kura si wifi yako."

Kila siku kwa wiki tano walilala chali kwenye mkeka nyuma ya pazia, wakainua viuno, wakashusha. Namba za Mama Pacha zikashuka kutoka nane hadi nne. Akaanza tena kusuka misuko midogo.

Siku ya miadi, mtaalamu akalifungua daftari lake.

"Umepata nafuu kubwa kwa ushauri peke yake. Safi sana."

Mama Pacha akatazama sakafu. Akisema kweli, wifi yake atafukuzwa, naye atanyimwa mazoezi yaliyomrudishia kazi.

"Tukipona wengi bila mazoezi, mtaandika nini?" aliuliza.

"Tutaandika kwamba ushauri unatosha. Zahanati nyingine hazitahangaika kufundisha mazoezi haya."

Mama Pacha akamkumbuka fundi viatu, jirani yao, anayeinuka kwa kushika ukuta. Huyo naye atapewa karatasi ya ushauri, aambiwe nenda.

"Basi usiandike hivyo," alisema. "Mazoezi nafanya. Wifi yangu kanifundisha. Nifukuzeni mimi, yeye mwacheni."

Mtaalamu akacheka mpaka akavua miwani.

"Kosa ni letu pia. Tulikuuliza umri, tukakuuliza uzito. Hatukukuuliza unafanya kazi na nani."

"Kwa hiyo hamtufukuzi?"

"Nimfukuze mtu kwa kusema kweli? Nitaandika kilichotokea, kama kilivyotokea. Kinachoharibu utafiti ni kuficha. Hebu nionyeshe hayo mazoezi."

Mama Pacha akalala chali, akainua kiuno. Mashavu yakavimba, macho yakamtoka.

"Mbona umebana pumzi?"

"Ndivyo nilivyofundishwa."

"Pumua, mama. Hapa hatujazi puto. Utafiti ni utafiti, lakini sikuachi uumie."

Mama Pacha alirudi saluni amejishika kiuno, si kwa maumivu bali kwa ugomvi.

"Wifi, wewe ni mwalimu gani? Ulitaka kuniua kwa kukosa hewa."

"Umepona, hujapona?"

"Nimepona."

"Basi shukuru kwanza, ugomvi baadaye."

Utafiti ulipokwisha, washiriki waliitwa kusikia majibu. Wengi waliopewa mazoezi walipata nafuu zaidi ya waliopewa ushauri peke yake. Si wote, na mtaalamu hakuficha hilo. Alieleza pia kwamba wachache walifanya mazoezi ambayo kura haikuwapa, na kwamba hilo limeandikwa wazi kwenye ripoti. Sindano akakohoa sana. Sasa zahanati inafundisha mazoezi hayo kila wiki, na fundi viatu ndiye anayefika wa kwanza.

Saluni nayo imebadilika. Mteja anakaa kwenye kiti kirefu, msusi anasimama wima. Kila baada ya saa moja kazi inasimama na wote wananyoosha viungo, hata mteja aliyesukwa nusu kichwa.

"Nimekuja kusukwa, si kwenda jeshini," mmoja alilalamika juzi.

"Jeshini hawasuki," Mama Pacha alimjibu. "Inua mikono."

Akakimaliza kichwa hicho, misuko midogo mia mbili na zaidi, akakung'uta kitambaa, akaita anayefuata.