Wavu wa Ini la Kambo

Kila Jumatano shule za Brussels hufungwa mchana, na Graciella hurudi nyumbani Schaerbeek kula bukari, ugali wa kwao Kongo, na bibi yake, ambaye nyumba nzima humwita Kambo. Jumatano moja ya mwaka 2012 hakukuwa na bukari. Tonton Donat, kaka wa mama yake, alikuja na gari kumpeleka Kambo hospitalini Jette, na Kambo akashikilia kwamba haendi popote bila mjukuu wake.

Njiani Tonton alimwonya Graciella kwa Kifaransa, ili Kambo asielewe. "Huko ndani mimi ndiye nitakayetafsiri. Wewe funga mdomo."

Daktari alikuwa mwanamke mpole asiyezungusha maneno. "Bibi ana saratani ya ini," alisema, akiwaonyesha picha. "Kati ya seli za ini kuna wavu wa protini unaozishikilia. Wavu wa bibi umekakamaa kwa makovu ya ugonjwa wa miaka mingi. Saratani inaupenda wavu mgumu: huushika, hupenya, hutafuta njia ya kwenda kwingine. Bado haijatoka. Tukimpasua mapema tutaiwahi. Je, anakunywa dawa nyingine?"

"Hapana," alijibu Tonton haraka. Kisha akamgeukia Kambo. "Maman, banasema ni kidonda kidogo tu. Lakini banataka kukupasula."

"Kidonda kidogo, njo banipasule tumbo?" Kambo aliguna. "Apana! Mi nakunywa dawa yangu, itapona. Turudi."

Akaanza kufunga kitenge chake vizuri, tayari kuondoka.

Dawa hiyo Graciella aliijua: chupa ya mizizi iliyosafiri kutoka Lubumbashi ndani ya sanduku la mgeni, sasa imefichwa chini ya sinki. Tonton mwenyewe ndiye aliyeipokea uwanja wa ndege. Hakuwa mtu mbaya, Tonton. Katika familia yao kutaja saratani ni sawa na kuanza kumlilia mgonjwa. Lakini sasa uongo wake ulikuwa unamrudisha Kambo nyumbani akafe, na wote wanyamaze kwa kuwa mtoto hampingi mjomba wake! Graciella alisimama.

"Daktari, anakunywa dawa ya mizizi, asubuhi na jioni," alisema kwa Kifaransa.

"Graciella! Nyamaza!"

"Sinyamaze, Tonton! Utanigombeza ku nyumba." Akapiga magoti mbele ya bibi yake. "Kambo, haiko kidonda. Ni cancer, iko mu foie. Haiyatoka bado. Bakipasula sasa, banaweza kuiwahi."

Kambo alimgeukia mwanawe. Tonton aliinamisha kichwa, machozi yakimtoka.

"Donat, mi niko mutoto?" Kambo aliuliza. "Nilizala batoto saba, nilizika baba yako. Nawe unanificha ugonjwa ya mwili yangu? Bon. Graciella, ambia docteur anipasule. Hiyo cancer itanitambua!"

Daktari aliomba chupa iletwe siku hiyo hiyo. Baada ya kuichunguza aliwaeleza kwamba mizizi ile ingeweza kumfanya Kambo avuje damu nyingi kwenye meza ya upasuaji. Kambo aliacha kuinywa, upasuaji ukaahirishwa kwa wiki mbili, na ukaenda salama.

Miezi miwili baadaye walirudi Jette. Safari hii Kambo alimtaka Tonton atafsiri.

"Maman, banasema balitoa cancer yote mu foie, haikuenda kwingine. Lakini utakuwa unakuya kila miezi tatu, juu inaweza kurudia."

"Njo vile docteur alisema?" Kambo alimuuliza mjukuu wake.

"Njo vile alisema, Kambo. Yote."

"Alors, Donat, sikia. Kuogopa haiko zambi. Lakini mugonjwa mwenye hajue ugonjwa yake, atapigana nayo namna gani? Muambie ukweli, kisha umushike mukono."

"Ndiyo, maman," alijibu Tonton kwa sauti ndogo.

"Na weye, Graciella. Ulikatala neno ya tonton yako mbele ya bantu."

Graciella aliinamisha macho, akingoja kugombezwa.

"Siku ingine bakinificha kitu," Kambo alisema, "fanya vile vile."