Kibofu cha Muadhini

Kila asubuhi kabla ya kwenda chuoni kusoma Kurani, Mwanatumu alifua nguo za baba yake uani, kwao Kibokoni, Mombasa. Vita Vikuu vya Pili vilikwisha mwaka uliotangulia, lakini sabuni ilikuwa bado adimu, basi alifikicha mpaka vidole vikamwuma. Mama yake alikuwa marehemu. Nyumbani walikuwa wawili tu.

Asubuhi hiyo maji ya karai yaligeuka mekundu. Alikiinua kikoi, akakitazama. Damu.

"Baba, umejikata?"

Kamaludin, muadhini wa msikiti wa mtaani, alisimama mlangoni, uso umesawijika. "Si kitu, mwanangu. Sisi wavulana tuliokulia shamba tulioga madimbwini, tukakojoa damu, tukajisifu kwamba tumekuwa wanaume. Niahidi hutamwambia mtu."

Akaahidi.

Damu haikukoma. Baba akiingia chooni, Mwanatumu alimsikia akiguna humo hata chai ikapoa. Chuoni, rafiki yake Swabaha alimchokoza: "We, babako leo kaadhini mbio kama anayefukuzwa na mbwa!" Wenzao wakaangua kicheko. Mwanatumu hakucheka. Alikijua kinachomfukuza.

Ijumaa moja Kamaludin alianguka kwenye ngazi za msikiti, akapelekwa hospitali. Baada ya kumpima, daktari hakuficha neno.

"Kibofu chako kimeota uvimbe mbaya. Lazima tukitoe chote. Kibofu ni mfuko wa kuwekea mkojo tu. Figo ndizo zinazoutengeneza. Mirija inayotoka kwenye figo tutaiunganisha na utumbo, na mkojo utapita njia ya haja kubwa, mara nyingine bila wewe kuuzuia. Si kazi ndogo. Wengine hawaamki. Lakini ukikataa, utakufa."

"Basi na nife," alisema Kamaludin. "Muadhini anayevuja najisi ataingiaje msikitini?" Akamgeukia binti yake. "Ukiulizwa, sema nina homa."

Mwanatumu alitoka. Alikuwa ameahidi. Lakini miguu yake ilikwisha kushika njia, na hakusimama mpaka kwa Maalim Abdulghafur, mwalimu wake wa Kurani. Akamweleza yote huku akilia.

Maalim alifika kitandani akitweta.

"Kamaludin, nani aliyekufunza dini?"

"Wewe, Maalim."

"Nilikufunza lini kwamba mgonjwa asiyeweza kujizuia amefukuzwa msikitini? Hujisafisha, akatia udhu sala inapoingia, akasali. Wewe huogopi najisi, bwana. Unaogopa watu wajue!"

Kamaludin akafumba macho. Mwishowe akasema, "Mwiteni daktari."

Mlango wa chumba cha upasuaji ulifungwa. Mwanatumu na Maalim walikaa kwenye benchi. Muuguzi alitoka na ndoo iliyofunikwa kitambaa, akapita bila kuwatazama. Adhuhuri ikapita, alasiri ikaingia. Hata tasbihi ya Maalim ilisimama mkononi.

Ndipo daktari alipotoka, shati limeloa jasho. "Yu hai," alisema.

Siku baba aliporudi nyumbani, amekonda kama ufito, Mwanatumu alimpigia magoti. "Nisamehe, Baba. Nilivunja ahadi."

"Inuka. Aliyekosa ni mimi niliyekuapisha. Daktari kaniambia damu ile ya utotoni ilikuwa kichocho cha madimbwini; ningekwenda ilipoanza, pengine ningepewa dawa nikabaki na kibofu changu. Kukojoa damu ni maradhi, si uanaume. Na mtu mzima akikuambia umfichie damu yake, usimtii, hata akiwa mimi. Nenda kaseme."