Sawa, Nakusikia

Ndugu zangu, nyumba ninayowasimulia ilikuwa na amani. Mke alikuwa fundi cherehani, mume fundi wa kuchomelea mageti, na binti yao wa pekee alikuwa amemaliza shule mwaka ule. Majirani walimwita mke Mikono Kumi. Alishona, akapika, akajibu simu za wateja, vyote kwa mpigo mmoja, na jina lile lilimpendeza. Mumewe alizoea kumtania: "Huyu hata usingizini anapima watu viuno."

Alasiri moja mume alirudi mapema, jambo lisilo la kawaida yake. Mkewe alikuwa anamalizia gauni la bibi harusi. Simu ameibana kati ya sikio na bega, anabishana na mteja mwingine juu ya urefu wa sketi. Maharage yanatokota jikoni, na kila mara anainuka kuyachungulia. Mume akakaa kwenye kiti cha wateja, akasema naye taratibu.

"Sawa, nakusikia," mke alijibu, macho kwenye sindano.

Mume akasema tena.

"Sawa, mume wangu. Kajilaze kidogo, nakuja."

Akaenda. Hebu fikirini, jamani: kutoka cherehani hadi mlango wa chumba ni hatua sita tu.

Saa nzima ikapita. Gauni likaisha, maharage yakaiva, mteja akaridhika. Mke akapakua chakula, akaenda kumwamsha mwenziwe. Alimkuta amelala kiubavu, viatu bado miguuni. Akamwita, akamtikisa. Mwili ulishaanza kupoa.

Daktari alisema ni moyo. Angewahishwa, huenda angepona. Hiyo "huenda" ndiyo iliyomtafuna.

Baada ya mazishi, shemeji yake alimuuliza, bila ubaya wowote, marehemu aliacha neno gani. Mjane akajaribu kukumbuka. Vipimo vya ile sketi alivikumbuka vyote, inchi kwa inchi. Maneno ya mumewe hakuwa nayo hata moja.

Wiki kadhaa baadaye alimwita binti yake, ambaye siku ile alikuwa nyuma ya pazia akipiga nguo pasi.

"Mwanangu, baba yako aliniambia nini?"

"Mama, usiniulize."

"Niambie tu."

"Alisema kifua kinambana, mkono umekufa ganzi. Akakuomba umsindikize hospitali. Ukamwambia akajilaze. Nikadhani umemsikia."

Mama akaketi sakafuni. Binti akaketi kando yake, na hakuna aliyemlaumu mwenzake, maana wote wawili walikuwepo.

FUNZO

Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka, nasi hudhani kinachoponyoka ni kitu kidogo. Ipe kila kazi zamu yake. Na mtu wako akija kusema nawe, weka sindano chini, kata simu, umtazame usoni hadi amalize. Vingine vitasubiri. Harusi yenyewe ilikuwa bado wiki mbili.