Sauti ya Mwirigi

Lenah alimpa mumewe kikombe cha chai. Mwirigi akakipokea kwa mikono miwili, akapiga funda la kwanza, na wakati huohuo sauti yake ikaendelea kusikika ukumbini ikiwasimulia watu filamu.

Lenah hakushtuka mara moja. Tangu asubuhi alikuwa akikinga ndoo chini ya paa lililovuja, na uchovu ulikuwa umemfanya mzito wa kila kitu, hata wa hofu. Alikuwa ameshainua chupa ya chai ajimiminie yake ndipo mkono ukamganda hewani.

“Baba Kajuju,” alisema kwa sauti ya chini. “Umeacha rekodi ikilia huko juu?”

“Rekodi gani? Si nimeweka ile sehemu ya wimbo ndiyo nikakuja kunywa chai.”

“Sikiza.”

Mwirigi alisikiliza. Ukumbini watu waliangua kicheko, kisha sauti ikangoja kicheko kiishe, kama anavyongoja yeye, ikaendelea. Akakiweka kikombe chini.

“Hiyo ni mimi,” alisema polepole. “Na niko hapa.”

Sinema ya Kathita, pale mjini Meru, haikuwa mali ya mtu. Mhindi mmoja muuza mbao aliijenga kabla ya uhuru, na wanawe walipohama, watu wa mji walifanya harambee wakainunua isije ikageuzwa ghala. Majina ya waliochanga yalikuwa bado kwenye migongo ya viti kwa rangi nyeupe. Tangu hapo iliishi kwa misimu. Masika, mashamba yakiwa matope na watu hawana la kufanya, zilionyeshwa filamu za kuchekesha Jumamosi mchana. Viazi vikishavunwa Kibirichia, wakulima walioteremsha mizigo yao sokoni waliwekewa filamu za vita na mapenzi, za Kihindi na za Kichina. Likizo ya Agosti ilikuwa ya watoto. Baada ya Idi palikuwa na siku ya akina mama, ambayo Timiro, muuza vitambaa na mwanakamati, aliisimamia mwenyewe. Desemba ilikuwa ya waliorudi nyumbani. Kamati ilipanga, wahisani walitoa mabati na rangi. Lakini kufungua mlango, kupiga deki, kuziba paa na kuendesha mashine kulibaki kwa Lenah na Mwirigi, mwaka nenda mwaka rudi, hadi wakachakaa kama kamba ya kisima, ambayo haijakatika lakini kila anayeivuta anaiombea.

Kilichowaleta watu hasa ni Mwirigi. Aliketi juu kwenye chumba cha mashine, maiki mkononi, asionekane na mtu, akiigeuza filamu ya kigeni kuwa Kiswahili kilichotiwa Kimeru. Mara yeye ni jambazi, mara ni bibi harusi, mara ni mbwa wa jambazi. Watu walitoka hadi Muthara kuja kumsikia.

Sasa walipanda ngazi pamoja, mmoja amemshika mwenzake nguo. Chumba cha mashine kilikuwa kitupu. Maiki ililala mezani, imezimwa, na Lenah alipoigusa ilikuwa na joto, kama kitu kilichotoka mkononi mwa mtu mwenye homa. Palinuka nywele mbichi zilizoungua. Walipoingia, sauti ilikatika katikati ya neno. Watu huko chini wakaanza kupiga miluzi. Mwirigi akaikamata maiki, akalimalizia lile neno.

Hawakumwambia mtu. Wangeanzia wapi? Na Jumamosi iliyofuata Mwirigi aliamka na koo limevimba, nesi kamwambia asiongee, ukumbi umejaa watu waliolowa mvua na hakuna mwingine wa kumshikia zamu. Alisimama mbele ya maiki, akafungua kinywa. Kabla hajatoa hata pumzi, sauti ilianza yenyewe ukumbini, tamu, laini, isiyo na kikohozi. Mwirigi alimgeukia mkewe, macho yamemtoka.

Lenah aliyatazama yale macho mekundu, akayatazama mabega yaliyoshuka.

“Acha iongee,” alisema. “Acha iongee, wewe upumzike.”

Mwirigi aliketi juu ya gunia, akaegemea ukuta, akalala usingizi mzito kama mtoto aliyenyonya. Lenah naye alikaa chini kando yake. Siku hiyo, Mungu amsamehe, alishukuru.

Kutoka hapo ukumbi ulikuwa haujai, unafurika. Kamati ilifurahi. Watu walisema Mwirigi amezaliwa upya. Nyumbani Mwirigi mwenyewe alikuwa akipungua. Kila sauti ya ukumbini iliponona, yake ilikonda. Kwanza hakuweza kuimba kanisani. Halafu alimwita mbwa wake jioni na mbwa asiinue hata sikio, kwa kuwa hakuitambua sauti hiyo. Viazi vilipoanza kuteremshwa sokoni alikuwa akinong'ona, na ili amsikie, Lenah alilazimika kusogeza sikio karibu na midomo.

“Tumwite pasta,” alinong'ona siku moja.

Mchungaji wao alikuja ukumbini saa nne asubuhi, akasimama mbele ya pazia la kuonyeshea filamu, akaomba. Alipofika katikati akakwama kidogo kutafuta neno. Kutoka viti vya nyuma, ambako hapakuwa na mtu, sauti ya Mwirigi ikampa lile neno kwa heshima, ikayaendeleza maombi yale hadi mwisho, na kusema amina. Mchungaji alibana Biblia kwapani, akasema ana mazishi mahali, akaondoka bila kuchukua mwavuli wake.

Halafu ikaja ile Jumamosi stima ilipopotea.

Ulikuwa mchana, jua linawaka nje. Lenah alikuwa mlangoni wakati taa ya ofisi ilipozimika, naye akangoja kelele za watu, maana stima ikikatika watu hupiga viti na kudai. Hakusikia kelele. Alisikia sauti ya mumewe, ambaye alikuwa nyumbani amelala, ikisimulia taratibu, bila spika, bila maiki, bila umeme, ikitoka kwenye kuta na kwenye dari na kama vile kwenye kifua chake yeye mwenyewe; akasukuma mlango, akawasha tochi ya simu, na mwanga ukaangukia nyuso safu baada ya safu, wanaume wa Kibirichia na wake zao na vijana wa sokoni, wote wameinua videvu kulitazama pazia jeusi lisilo na kitu, wote wanatabasamu tabasamu moja, na macho yao, ambayo hayakupepesa hata mwanga ulipowagonga, yalikuwa yakitembea kushoto na kulia kwa pamoja, yakimfuata mtu ambaye Lenah hakumwona.

Alipiga kelele. Hakuna aliyegeuka. Alikimbia kwenye milango ya pembeni, akaivuta makomeo, na jua likaingia. Hapo ndipo watu walianza kupepesa macho, kukohoa, kuinuka wakiyumba kama walevi na kutoka bila kusemezana. Wote, isipokuwa Ruguru.

Ruguru alikuwa bibi kizee wa Kiembu aliyeolewa Meru zamani, mjane sasa, ambaye kila wiki alikuja kuwafagilia bila malipo kwa kuupenda tu ukumbi. Alikuwa ameketi safu ya mbele, mikono mapajani, kiti kimelowa chini yake.

“Cucu, amka twende,” Lenah alimwambia, akimshika bega.

“Nyamaza,” Ruguru akasema, macho yako palepale. “Bado haijaisha.”

Walimbeba hadi hospitali. Madaktari hawakuona ugonjwa. Alilazwa, akageukia ukuta, akaendelea kutazama. Uji ulimtoka pembeni mwa mdomo. Na siku hiyohiyo Mwirigi alifungua kinywa kumwambia mkewe kitu, na hakukutoka chochote, hata mnong'ono.

Lenah alienda dukani kwa Timiro, akaketi kwenye marobota ya vitambaa, akamweleza yote. Timiro hakucheka.

“Dada, mbona umenyamaza na hii kitu miezi yote hii?”

“Nilikuwa nimechoka, Mama. Nikaona imetusaidia.”

Timiro alifunga duka, akampeleka kwa Mzee Isak, aliyefundisha watoto Kurani nyuma ya msikiti. Alikuwa mzee mfupi mwenye pumu, na alionekana amechoka kuliko wao wote.

“Mimi si mganga,” alisema. “Mimi ni mtu wa kusoma tu, na Mungu ndiye anafukuza. Lakini niambie. Huyo mgeni alianza kwa kuiba. Nani alimpa ruhusa?”

Lenah aliangalia mikono yake. “Mimi. Nilisema aachwe aongee.”

“Basi nikisoma bila wewe, atanicheka. Maneno yako ndiyo kitanda chake. Utaenda uyatoe chini yake.”

Waliingia ukumbini kesho yake kabla ya adhuhuri, Mzee Isak na chetezo cha ubani, Timiro na chupa ya maji yaliyosomewa, Lenah mbele, na Mwirigi, aliyekataa kubaki nyumbani, akasimama karibu na mlango. Nje wauza ndizi walikuwa wakiitana. Mlango ulipofungwa, kelele zao zilikatika kama zimekatwa na kisu, na ile harufu ya nywele zilizoungua ikaufunika ubani. Mzee Isak alianza kusoma Ayatul Kursiyyu. Kiti kimoja cha nyuma kililia, kama kinavyolia mtu mzito akiinuka. Kisha cha safu ya mbele yake. Kisha cha mbele zaidi.

“Mama Kajuju,” ikasema sauti.

Ilikuwa sauti ya Mwirigi wa ujanani, Mwirigi aliyekuwa akimsindikiza kutoka kisimani, na Lenah akahisi mwili wote unalegea.

“Umechoka,” ilisema. “Nani amewahi kukuambia pole? Kamati? Watoto? Umefagia, umedeki, umeziba paa la watu, na kila Desemba wanapiga makofi na kwenda nyumbani, wewe unabaki na ufagio. Keti tu. Keti hapo mbele, mimi nitafanya yote, nitafungua milango, nitajaza viti, nawe utaona vitu ambavyo macho yako hayajawahi kupewa.” Na kadiri ilivyosema ndivyo Lenah alivyouona ule uchovu wa miaka yote ukipanda kutoka nyayoni, ukipita magoti, ukimvuta chini kwa upole, hadi mkono wake ukashika mgongo wa kiti na goti likakunjika, na pazia jeusi mbele yake likaanza, kwa mbali sana, kupata rangi.

“Usikae!” Timiro alilia. “Dada, usikae!” Akammwagia maji usoni.

Lenah alisimama wima akihema.

“Nilikuambia uongee,” alisema. “Sasa nasema unyamaze. Ruhusa yangu nimeichukua. Kuchoka nimechoka, lakini uchovu ni wangu, sijakuomba uubebe. Toka kwa nyumba ya watu.”

Halafu sauti ikacheka, karibu kabisa na sikio lake.

“Nikitoka natoka nayo. Niachie ukumbi, nimrudishie mzee wako sauti yake leo hii. Chagua.”

Lenah aligeuka. Mwirigi alikuwa tayari anakuja kati ya viti, polepole, akishika mgongo mmoja baada ya mwingine. Alifika, akamshika mkewe mkono, akatikisa kichwa. Hakuhitaji kusema. Machozi yalikuwa yakimtiririka hadi kidevuni.

“Toka,” Lenah akasema. “Toka nayo. Lakini toka.”

Mzee Isak alipaza kisomo hadi pumu ikamkaba, Timiro akakipokea pale alipoishia, na viti vyote vikalia kwa mara moja, kama umati umeinuka ghafla. Milango ya pembeni iligonga ukuta. Kitu kilipita, kizito na cha moto, na baada yake zikaingia sauti za wauza ndizi.

Hospitalini, saa hizohizo, Ruguru alipepesa macho, akalalamika kwamba uji umepoa.

Mwirigi hakupata sauti yake. Lenah akaanza kusimulia mwenyewe. Hakuwa na kipaji. Bibi harusi na jambazi walitoka wakifanana, na vijana walimzomea. Wengi hawakurudi. Lakini filamu ikiisha, waliokuja waliinuka, wakanyoosha migongo, wakagombania mlango na kulalamika juu ya paa, naye alisimama pale akiwasikiliza wakilalamika na moyo wake ukatulia.

Desemba, watu wakiwa wamerudi makwao, Wambeti alikuja kutoka Runyenjes kumwona shangazi yake Ruguru, akapita ukumbini kuwasalimu. Walimpa chai. Mwirigi alikaa kando akichonga mpini wa jembe.

“Pole kwa mzee,” Wambeti alisema. “Lakini hata sisi huko tumepata wetu. Kuna banda la video hapo karibu na soko. Huyo mtu anasimulia, mama! Watu wanashinda huko. Dada yangu ameacha hadi kuchuma majani chai.”

“Ni nani?” Lenah aliuliza.

“Hata sijui. Hakuna mtu amemwona. Unasikia tu sauti.” Wambeti akacheka. “Na huyo dada yangu, ukimwita wakati filamu imeshaisha, anakuambia nyamaza.”

Kisu cha Mwirigi kilisimama kwenye mbao. Hakuinua kichwa.

Lenah alimsindikiza mgeni hadi stendi, akarudi, akaketi kwenye ngazi za ukumbi. Miguu ilikuwa imevimba. Wiki nzima ya sikukuu ilikuwa mbele yake, na paa lilikuwa bado linavuja. Alikaa pale muda mrefu, akitamani sana kuwa mtu ambaye hakusikia alichosikia. Kisha akatoa simu, akampigia Timiro.

“Mama, muulize Mzee Isak kama pumu imemwachilia kidogo,” alisema. “Imefika Runyenjes.”

Upande wa pili Timiro alishusha pumzi. “Lakini huko si wewe uliyeipa ruhusa, dada. Huko itabidi tumtafute aliyesema iongee. Tutamjuaje?”

“Tutamjua,” Lenah akasema. “Tafuta aliyechoka kuliko wote.”