Bega la Tarimo

Ukutani mwa uwanja wa Moshi Mpya maandishi ya kijani yaliwaka: BEGA LA TARIMO, ASILIMIA TISINI NA NNE. AENDELEE KURUSHA. Aliyetoa amri hiyo ni Kipimabega, akili mnemba iliyofumwa ndani ya jezi, inayosoma kila msuli wa mrushaji na kuamua nani abaki, nani atoke. Tangu kije, kazi ya makocha wa besiboli ilikuwa kupiga makofi tu.

Kocha Nakijwa Mgonja akamtoa Tarimo.

Ilikuwa fainali, awamu ya mwisho, Moshi wakiongoza kwa pointi moja. Mrushaji wa akiba akaingia, mpira wake ukapigwa ukavuka ukuta, Tanga wakapata pointi mbili, kombe likaenda kwao. Kuanzia hapo mji mzima ukageuka kocha. Kwenye vijiwe vya kahawa watu nusura washikane mashati: huyu mama katuuza, mashine ilishasema! Hata wasiojua gongo linashikwa upande gani nao walikuwa na la kusema.

Kamati ya ligi ikamwita.

"Mama Mgonja," alisema mwenyekiti, Bwana Semkiwa, "omba radhi hadharani kwa kupuuza mashine. Ukikataa, ukocha wako umeishia hapa."

"Siombi."

"Basi tueleze, wewe ulitumia kipimo gani?"

"Utani. Mimi Mpare, yeye Mchaga. Kila awamu namchokoza, naye hunijibu mpaka najuta. Safari hii nikamwambia, Mchaga hata akizimia, dondosha sarafu ataamka. Akanitazama tu. Mtani asiyejibu ana jambo, mwenyekiti."

Wajumbe wakacheka. Nakijwa alikuwa na hasira, wala hakuificha.

Mlango ukafunguliwa, akaingia Elirehema Tarimo mwenyewe, mkono wa kulia umening'inizwa shingoni kwa kitambaa. Kwa mkono wa kushoto akaitupa jezi mezani.

"Shikamooni. Daktari anasema kano ilianza kuchanika mapema, mimi nisisikie maumivu. Hiki kidude kikiona neva inalia, kinaituliza. Nilichojua ni kwamba vidole sivihisi, nikaogopa hata kufungua mdomo. Ningeendelea kurusha, mkono huu usingembeba tena mwanangu."

Mwenyekiti akamgeukia fundi wa Kipimabega. Fundi akainama.

"Tulikiagiza kilete ushindi," alisema. "Mtu hatukumtaja."

Kicheko kilikuwa kimekwisha. Bwana Semkiwa akakohoa. "Hata hivyo, mama, mashabiki wamekasirika. Omba radhi tu, yaishe."

"Kombe tutalirudisha. Bega tungelitoa wapi? Nifukuzeni, nami nitakata rufaa mpaka mnichoke."

Tarimo akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu fainali. "Wazee, msibishane naye. Huyu Mpare. Atauza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku."

Nakijwa akafuta machozi kwa kiganja.

"Umechelewa kunijibu, Mchaga we," akasema. Kisha akavuta kiti, akakaa vizuri. "Haya, mwenyekiti. Kesi iendelee."