Paka Aliyehamishwa Kitandani

Kila alfajiri, mitumbwi ya sambaza iliporudi kutoka ziwani, paka aitwaye Mulinzi alimgusa Vénantie shavuni kwa mguu wake. Ndivyo alivyomwamsha aende kuchukua samaki. Vénantie hakuwa na saa nyingine, wala hakuitaka. Tangu mume wake afariki, miaka sita sasa, paka huyo alilala naye kitanda kimoja, kichwa juu ya mto kama mwenye nyumba.

Vénantie aliuza sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu, katika soko la Gisenyi. Lakini mtoto wa jicho alikuwa amemziba macho yote mawili. Hakuona tena mchanga ndani ya samaki. Damascène, mwenye mgahawa, mteja wake mkubwa, alilalamika mara mbili. Mara ya tatu alisema atatafuta muuzaji mwingine. Maneno hayo yalimuuma sana, maana kazi nyingine hakuwa nayo.

Basi akafanyiwa upasuaji wa jicho la kulia. Muuguzi alimpa dawa ya matone na kifuniko kigumu cha plastiki cha kuvaa akilala. Alimwambia asisugue jicho, asiingize maji wala vumbi. Kuhusu paka hakuulizwa, naye hakusema. Nani huenda hospitali kueleza habari za paka?

Siku ya tatu alikuja Gatesi, mshauri wa afya wa kijiji. Gatesi alikulia Tanzania, na ni mtu asiyepitwa na kitu. Aliona kifuniko sakafuni. Kisha akaona mkwaruzo mwekundu kwenye shavu la Vénantie, upana wa kidole kimoja kutoka jichoni.

"Mama, nani amekukwaruza?"

"Ni Mulinzi. Alikuwa ananiamusha tu. Ye hana ubaya, ni mutu wangu."

Gatesi hakucheka. Aliokota unyoya mmoja wa paka kwenye mto, akauinua dirishani. Vénantie alifumba jicho la kushoto, akauona vizuri kwa jicho jipya.

"Jicho hilo lina kidonda kidogo, bado hakijafunga," Gatesi alisema. "Paka hufukua uchafu kwa makucha, hujilamba, kisha analala kwenye mto wako. Vijidudu vikiingia, unaweza kulipoteza jicho zima. Mpende, lakini alale kwingine mpaka daktari aseme umepona. Usipoziba ufa, utajenga ukuta."

Vénantie aliingiwa na hofu. Gatesi alimuuliza kama jicho linauma, kama linatoa usaha, kama linazidi kuwa jekundu au kuona kumepungua. Vénantie alijibu hapana. Hata hivyo Gatesi alimpeleka hospitali siku ileile. Daktari alilipima jicho akalikuta salama. Alimwonya kwamba ikija dalili hata moja kati ya hizo, arudi mara moja, wala asitie dawa ya majani.

Jioni Vénantie alifua shuka zote na foronya. Tangu hapo alinawa kwa sabuni kabla ya kutia matone, na kila alipomshika paka. Mulinzi alipewa kikapu jikoni, mlango ukafungwa. Alfajiri ya kwanza alilia kwa uchungu. Vénantie naye aliumia moyoni, lakini kifuniko kilibaki jichoni na mlango haukufunguliwa.

Wiki zilipita. Daktari akasema jicho limepona, na akampangia siku ya jicho la pili. Vénantie alirudi sokoni, akachambua sambaza mmoja mmoja.

Damascène alikuja. Alitia mkono kwenye sinia, akageuza samaki huku na huku.

"Leo niko natafuta muchanga, siuone."

"Mi ndo niliuona kwanza, nikautoa," alisema Vénantie.

Damascène alichukua sinia zima.

Mulinzi bado analala jikoni, hata sasa. Alfajiri, mitumbwi inaporudi, hukwaruza mlango mara tatu. Vénantie huamka, hunawa mikono, ndipo humfungulia.