Aliyekaa Kwenye Kompyuta ya Boila

Jambo hili lilimpata Auli, jirani yetu wa ghorofa ya chini hapa mjini Kajaani, na mpaka leo hakubali kulisimulia akiwa na msikilizaji mmoja tu.

Ilikuwa Jumamosi ya kawaida mwezi wa Desemba. Auli alikuwa anakunja nguo shangazi yake Hilja alipompigia simu kutoka kijijini. Boila inayopasha nyumba joto imezimika, alisema, na redio inatangaza baridi ya nyuzi thelathini chini ya sifuri. Auli hufanya kazi ya kompyuta, na boila ile inaendeshwa na kompyuta kuukuu yenye mfumo wa Linux aliyoiunda Mzee Taisto, mume wa Hilja, aliyezikwa Oktoba.

Akaendesha gari hadi kijijini, akamkuta shangazi jikoni amevaa koti.

"Kunywa kahawa kwanza."

"Shangazi, ndani ya nyumba pumzi inaonekana. Twende kwangu."

"Siondoki. Tengeneza."

Auli akashuka chumba cha chini akinung'unika. Aliiwasha kompyuta. Maandishi meupe yalishuka kwenye skrini nyeusi, kisha yakakoma. Hapo ndipo mashine inapotakiwa kukuuliza jina lako na neno la siri. Haikuuliza. Kilibaki kishale cha kuandikia tu, kinapepesa. Akabonyeza Enta. Kishale kikashuka mstari mmoja, basi.

Mashine za aina hiyo zina skrini sita za maandishi, moja nyuma ya nyingine. Unahama kwa kubonyeza Alt na F2, F3, hadi F6. Auli alizipitia zote. Zote nyeusi. Akazima, akawasha. Vilevile.

"Mzee Taisto na vyuma vyako," alisema kwa hasira. "Watu wengine hununua boila dukani."

Akazipitia tena. Kwenye skrini ya nne, kishale hakikuwa pale alipokiacha. Kilikuwa kimeshuka mistari mitatu.

Akaleta kompyuta yake ndogo, akaiunganisha kwa waya, na kwa njia hiyo akaingia ndani ya mashine. Lakini boila hakuweza kuiwasha. Taisto aliogopa wezi wa mtandaoni, akafunga amri hiyo isikubaliwe ila kwenye kibodi ya mashine yenyewe. Ilimbidi kwanza aipate ile sehemu ya kuandika jina. Akaikagua programu inayoileta. Ipo, nzima, haina kosa. Akaianzisha upya mara nne. Vidole vilikuwa vimeanza kufa ganzi. Akapiga meza kwa ngumi.

Mwisho akaiuliza mashine swali ambalo mtu haliulizi kwenye nyumba ya mjane: nani yuko ndani?

Jibu lilikuwa mistari sita. Kila skrini ina mtu. Taisto. Taisto. Taisto. Ameingia siku ya mazishi yake, na hajatoka.

Skrini haziulizi jina kama mtu tayari amekaa.

Auli alimtoa kwa amri. Akaangalia. Yumo. Akamtoa tena. Yumo. Akamtoa, na kabla hajainua kidole kishale kikaruka. Yumo.

Akapanda ngazi taratibu.

"Shangazi. Siku ile ya mazishi mimi nilikuwa naumwa. Mlisimama kwenye msonobari?"

Huko kwao, gari la maiti likielekea makaburini husimama penye msonobari. Watu hukata matawi ya mti na kuchonga kwenye shina herufi za kwanza za jina la marehemu na mwaka aliokufa. Marehemu akitaka kurudi nyumbani, atazikuta herufi zake pale, ageuke.

Hilja alikoroga kahawa iliyokwisha kupoa.

"Nilimwambia dereva asisimame."

"Kwa nini?"

"Miaka arobaini nimelala karibu na mtu anayekoroma, Auli. Ulitaka nianze kulala kimya?"

"Ameikalia kompyuta. Boila haiwaki. Mabomba yataganda, na wewe utaganda."

"Hajui kwamba ananiumiza. Anafanya kazi zake tu." Akashusha sauti. "Mwache, mwanangu. Jioni huwa nasikia kibodi."

Kutoka chini, kibodi ikasikika.

Akachukua msumeno na kisu. Shangazi alisimama mlangoni. "Ukimfungia njia, usiniite shangazi tena." Auli akampita, akilia kwa hasira, na machozi yakamgandia usoni.

Msonobari ulikuwa penye kona ya barabara. Alikata matawi aliyoyafikia. Alichonga T.K., herufi za Taisto, na mwaka. Nyuma yake theluji ilikanyagwa. Hatua moja. Nyingine. Zikafika karibu naye. Zikasimama. Hakugeuka. Mtu alivuta pumzi ndefu, kama anayesoma. Kisha hatua zikaondoka kuelekea makaburini.

Aliporudi, skrini ilikuwa inauliza jina. Auli akaandika lake. Boila ikanguruma.

Usiku ule Hilja alilala, na Auli akakaa kitini akiegemea mlango wa chumba cha shangazi mpaka kulipokucha. Mlango haukufunguliwa. Asubuhi nyumba ilikuwa na joto, mabomba mazima. Shangazi alikuwa ananywa kahawa, na kwa mara ya kwanza tangu Oktoba alitabasamu.

"Nenda salama," alisema. "Sina kinyongo."

Auli aliondoka na moyo mwepesi. Penye kona alipunguza mwendo, akashuka atazame kazi yake.

Theluji kuuzunguka mti ilikuwa na nyayo za viatu vyake tu. T.K. ilikuwa pale alipoichonga. Chini yake palikuwa na H.K., herufi za shangazi aliyemwacha akinywa kahawa, na mwaka uleule.

Utomvu ulikuwa unatiririka kutoka kwenye herufi hizo mpya. Katika baridi ile utomvu huwa mgumu kama jiwe. Akaugusa kwa kidole. Ulikuwa wa moto.